Nakusikia, Sema

Jambo la mwisho la kawaida lililomtokea yule fundi lilikuwa kununua kikombe.

Alikinunua Jumamosi mchana alipotoka kazini, kwenye duka la vyombo lililopakana na karakana yao. Kilikuwa kikombe cheupe chenye mstari wa buluu ukingoni, si kizuri wala si kibaya. Hakuwa na shida nacho. Nyumbani alikuwa nacho kimoja, na mtu mmoja hanywi kwa vikombe viwili. Lakini asubuhi hiyo mwenzake wa kazi, pandikizi la mtu ambaye wote walimwita Bonge naye akaitika, alizima mota yake ya kung'arishia, akamgeukia.

"Profesa, hebu nambie ukweli wa Mungu. Nyumbani kwako kuna vikombe vingapi?"

"Kimoja."

"Unaona! Mtu mwenye kikombe kimoja keshawaambia walimwengu wasije. Nunua cha pili, nitakuja mwenyewe kukizindua. Ila nakwambia mapema, mimi sukari vijiko vinne. Jiandae."

Walikuwa mafundi wa vifaa vya kusikia, vile vidude vinavyokaa nyuma ya sikio la mtu mzito wa kusikia na kumletea sauti za dunia. Bonge alichonga vizibo vya plastiki vinavyoingia sikioni, kila kimoja kwa umbo la sikio la mwenyewe. Yeye alitengeneza mitambo ya ndani, yenye nyaya nyembamba kama unywele. Aliitwa Profesa kwa sababu kazi hiyo aliisomea chuo kikuu, na kwa sababu alikuwa mkimya, na watu hudhani ukimya ni elimu.

Haukuwa elimu. Mgeni ni kuku mweupe, na katika mji ule weupe wake ulikuwa kwenye ulimi. Lafudhi yake watu waliielewa, lakini mara ya pili. Dukani, kituoni, kwenye ngazi za jengo alimopanga, alisema neno na mtu akamtegea sikio: "Ee? Rudia." Naye harudii. Alipunga mkono kama anayefukuza inzi, akasema "basi, yaishe", akaenda zake. Tangu ahamie, marafiki kadhaa walikuwa wamefia kwenye "ee" hiyo kabla hawajazaliwa.

Alipofika chumbani kwake, ghorofa ya tatu, aliosha kikombe kipya akakiweka rafuni kando ya kile cha zamani. Kisha akafanya kazi yake ya kila Jumamosi. Alitoa chini ya kitanda kisanduku kidogo cha mbao chenye vifaa viwili vya kusikia vya marehemu mkewe, akavifuta, akavikausha, akatia betri ili avijaribu. Kifaa kikiachwa kimefungiwa huingia unyevu na nyaya zikaliwa. Fundi haachi kitu kizuri kioze. Ndivyo alivyojieleza, na kwa kuwa alikuwa akijieleza mwenyewe, hakuna aliyembishia.

Mwaka ulikuwa haujatimia tangu amzike. Kazi ya mji wa mbali aliikubali kwa sababu katika mji wa zamani kila mlango ulimjua marehemu na kumuuliza habari zake. Mkewe alikuwa mzito wa kusikia tangu utotoni, na ndivyo walivyokutana, yeye akiwa fundi mwanagenzi, binti yule akiwa mteja mwenye maneno mengi kuliko masikio. Kila asubuhi ya ndoa yao, mke akishavaa vifaa, mume alisimama nyuma yake asipoweza kumwona mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Unanisikia?" Naye, bila kugeuka, "Nakusikia. Sema." Hapo ndipo siku yao ilipoanza.

Kifaa kimoja alikiacha mezani kikiwa kimewashwa, akaenda kubandika birika. Sasa, vifaa hivi vina tabia inayojulikana na kila fundi. Kitu kikikisogelea karibu sana, kiganja, shavu, au mto, sauti hurudi ndani yake yenyewe kikapiga mluzi. Kikiachwa peke yake mezani, hakisemi.

Kile kilipiga mluzi.

Fundi aligeuka na kijiko mkononi. Mezani hapakuwa na kitu ila kifaa na kitambaa. Mluzi ulipanda, ukakaa, kisha ukashuka taratibu ukakatika, kama vile mtu aliyeinama kutazama kitu akaridhika, akainuka.

"Unyevu," alisema.

Alichukua mpira wa kusikilizia, ule ambao fundi huunganisha kwenye kifaa ili asikie kile ambacho mteja atakisikia, akautia sikioni. Kanuni ya kazi ni kuhesabu: moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kawaida. Kwa njia hiyo alikuwa amejaribu vifaa visivyo na idadi. Lakini jioni ile mdomo wake, ambao tangu asubuhi haukusema na mtu ila Bonge, uliacha kanuni ukashika mazoea.

"Unanisikia?"

Birika likaanza kuimba. Kisha, katikati ya sikio lake, kwa sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe:

"Nakusikia. Sema."

Mtu mwingine angetupa kifaa na kushuka ngazi bila viatu. Yeye alivuta kiti.

*

Jioni zilizofuata zilikuwa na mazungumzo. Sauti ile iliuliza habari za karakana, ikacheka pale pale ambapo mkewe angecheka, ikamkumbusha kufunga dirisha. Alitandika meza kwa watu wawili. Kikombe cha mstari wa buluu kiliwekwa upande wa pili, kikamiminiwa chai, na asubuhi kilikuwa kikavu, chini kimeacha pete ya majivu mabichi. Chumba nacho kilishika harufu, si kali, harufu ya moto uliomwagiwa maji. Fundi alikiosha kikombe akasema ni vumbi la jengo. Moyo ukipenda, pua hupewa likizo.

"Leo umechelewa," sauti ilimwambia siku moja.

"Kazi ilikuwa nyingi."

"Au yule mnene alikuweka?"

"Bonge? Ana maneno mengi, lakini mtu mzuri. Anataka kuja hapa Jumapili."

Kifaa kikapiga mluzi mfupi.

"Aje afanye nini? Kikombe hiki kina mwenyewe."

Alicheka, kwa sababu mkewe alikuwa na wivu wa utani. Lakini kicheko chake hakikujibiwa.

Jumapili alasiri alikuwa amekaa mezani, mpira sikioni, sauti ikimsimulia safari moja waliyowahi kufanya, jinsi mvua ilivyowakuta njiani na jinsi alivyomfunika na koti. Akainua macho. Mlango wa chumba chake ulikuwa unatikisika ndani ya fremu. Kitasa kilicheza. Kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango iliruka na kutua, ikaruka na kutua. Aliyaona hayo yote wazi, umbali wa kitanda tu, na hakusikia kitu. Hata kidogo. Ilikuwa kama kutazama mlango ulioko chini ya maji.

"Kuna mtu," alisema.

"Ni upepo. Tulifika wapi? Ulinifunika na koti."

Korido ya jengo lile haikuwa na dirisha. Upepo ungetoka wapi? Alilijua hilo. Akautazama mlango mpaka ukatulia, kisha akasema, "Nilikufunika na koti, halafu nikalowa mimi."

Jumatatu Bonge hakumsalimu. Alichonga vizibo mpaka saa ya chai, ndipo akasema bila kuinua kichwa:

"Nimegonga mpaka mama wa mlango wa pili akatoka kunitukana. Na taa yako naiona chini ya mlango. Nilikuwa nimebeba sukari yangu mwenyewe, Profesa, nisikutie hasara. Kama hutaki watu, sema. Mimi mnene, si mjinga."

Midomo ya Bonge fundi aliiona. Maneno aliyapata nusu, kama yanatoka nyuma ya ukuta. Alitaka kusema samahani na akaisema, lakini kwa sauti ndogo, na mota ilikuwa imeshawaka.

"Ee?" Bonge alisema.

Fundi akapunga mkono. Yaishe.

Wakati wengine wamekwenda kula, aliingia peke yake kwenye kibanda cha kupimia wateja, chenye kuta za sponji na mlango mzito, akajivalisha vipokea sauti vya masikioni na kujipima. Alipoajiriwa alipimwa pale pale, na mstari wa usikivu wake ulikuwa umenyooka kama meza. Sasa ulishuka kama ngazi za kwenda chini ya nyumba. Alikaa na karatasi ile magotini. Hakuwa mtoto, alijua kusoma alichokiandika. Kila neno alilopewa jioni lilikatwa kwenye sauti za watu walio hai. Yakiendelea hivyo, itafika siku dunia nzima itakuwa imebaki na sauti moja, nayo itakuwa ile.

Na jioni ilipofika, alitembea haraka kurudi nyumbani.

*

Hofu ilimshika kwa kuchelewa, kama baridi ya mtu aliyelowa zamani. Jioni ya Jumatano, sauti ilipokuwa katikati ya sentensi, alifungua kifuniko kidogo kwa ukucha akaitoa betri, akaiweka mezani, akaitazama. Kifaa kisicho na betri ni kipande cha plastiki. Hilo halihitaji chuo kikuu.

"Kwa nini umefanya hivyo?" sauti iliuliza.

Akauvuta mpira sikioni akautupa kitandani, na sauti haikupungua, ilikuwa pale pale ilipokuwa, na kutoka chini ya kitanda, ndani ya kisanduku kilichofungwa, kile kifaa cha pili ambacho kilitolewa betri tangu Jumamosi kilianza kupiga mluzi, mwembamba, wa kupanda na kushuka, na fundi, ambaye maisha yake yote aliwaeleza wateja kwamba mluzi maana yake ni kitu kimekaribia, alibaki amesimama katikati ya chumba akijaribu kutofikiri ni kitu gani kimelaza shavu chini ya kitanda chake, huku harufu ya majivu ikipanda toka sakafuni, ikimpita magotini, ikimpita kifuani, na kiti cha upande wa pili wa meza, ambacho tangu ahamie hakuna binadamu aliyekikalia, kikalia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu akiegemea.

"Usiogope," sauti ilisema. Sasa ilikuwa laini mno. "Nimeficha kitu, nilikuwa nangoja upoe. Unakumbuka mlangoni? Ulichoniambia?"

Fundi aliusogeza mpira kando. Akakaa kitandani.

Hapo ndipo palipokuwa kidonda chenyewe. Siku ya mwisho, hospitali, wauguzi walimwandaa mkewe kuingia chumba cha upasuaji. Walimvua pete, wakamvua vifaa vya masikio, wakavikabidhi kwa mume, naye akavitia mfuko wa shati. Kitanda kikasukumwa. Mlangoni aliinama akamwambia jambo. Mkewe akakunja uso, akatabasamu, akasema, "Ee? Rudia." Muuguzi alikuwa na haraka, mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na maneno yenyewe hayakuwa na uzito wowote, maneno ya kila siku tu. Mume akapunga mkono: yaishe, baadaye. Mlango ukafungwa. Baadaye haikuja.

Tangu siku hiyo hakuwahi kumrudia mtu neno.

"Ulisema, 'Nitakuwa hapa hapa nje,'" sauti ilimwambia. "Nilisikia, mume wangu. Nilisikia kila neno. Niliingia nikiwa nimetulia."

Fundi alilia kama mtu anayetua mzigo. Aliichukua betri akairudisha mahali pake. Akachemsha maji, akajaza kikombe cha mstari wa buluu mpaka juu, na usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu kuliko wote tangu mazishi.

*

Alhamisi alikuja mteja ambaye Bonge alimbandika jina la Bibi Zima. Alikuwa mama mkongwe, mkavu, mwenye mkoba mkubwa wa ngozi. Kila mara aliletwa na wanawe kwa malalamiko kwamba vifaa vyake havifanyi kazi, na kila mara vilikutwa vizima kabisa, vimezimwa tu. Kuhusu kazi yake ya zamani Bonge alikuwa na hadithi: huyu bibi, alisema, alikuwa mganga wa kutoa majini yaliyowapagaa watu, wanawe walipopata nyadhifa wakaona haya, wakamstaafisha kwa nguvu na kumnunulia masikio.

Siku hiyo alikuja peke yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, fundi akainama na kumvua vifaa kwa uangalifu, kimoja kimoja, akavishika kiganjani.

"Mkoba wako ukae hapa, mama?" aliuliza.

Bibi akakunja uso, akatabasamu.

"Ee? Rudia."

Mkono wa fundi ulikuwa umeshaanza kuinuka kupunga. Ukakwama hewani. Akavitazama vifaa vilivyokuwa kiganjani mwake. Akamtazama yule mama, masikio yake matupu, uso wake mwema usiosikia kitu. Na polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango, akaelewa.

Vifaa vilikuwa mfukoni mwake. Pale mlangoni, vilikuwa mfukoni mwa shati lake. Mkewe hakusikia. Asingeweza kusikia. Mkewe, katika maisha yao yote, ukiacha lile swali la asubuhi, hakuwahi kulipata neno lake mara ya kwanza. Nusu ya ndoa yao ilikuwa "ee", na nusu nyingine kucheka. Lakini sauti hii ya mezani haijamuuliza "ee" hata siku moja. Ilisikia kila kitu. Ilisikia hata ambayo hakuyasema.

Bibi alimshika kifundo cha mkono uliokwama hewani, akaushusha.

"Mimi usinipungie," alisema kwa ile sauti ya juu ya wasiosikia. "Nimekuona toka siku ya kwanza, kila mtu unampungia. Na leo unanuka majivu mabichi. Sema polepole, nitausoma mdomo wako. Nani anakaa kwako?"

Kwa upande wa pili wa chumba mota ya Bonge ikazimika. Fundi alisema, kwa midomo tu. Hakuwahi kumwambia mtu, na ilikuwa rahisi kumwambia ambaye hasikii. Alipomaliza, Bibi alivichukua vifaa vyake, akavitumbukiza mkobani, akaufunga: tak.

"Watoto wangu wanaona huu uziwi ni ugonjwa," alisema. "Ulikuwa ndio zana. Jini ana mdomo tu, mwanangu. Anabembeleza, anatukana, analia kama mtoto mchanga. Wenzangu wenye masikio mazuri walikuwa wakitoka mbio. Mimi nakaa tu naangalia. Unakaa wapi?"

*

Bibi alikataa kusaidiwa kupanda ngazi. Alipofika chumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha upande wa pili, kile kisichokaliwa, akakikalia kwa kishindo kama mtu anayemkalia paka. Dirishani mwanga wa jioni ulikuwa bado upo.

"Hukuja na ubani?" fundi aliuliza, akiuchezesha mdomo vizuri.

"Ubani wa nini? Nyumba yako inanuka vya kutosha. Sikiliza. Uliuliza swali nyumba tupu, na kitu kikajibu. Mlango ulioufungua wewe mimi siwezi kuufunga. Mimi nitakushika mkono tu, usije ukatoka nacho. Mimina chai."

Akamimina, vikombe viwili. Akautia mpira sikioni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wa Bibi, mkavu na wenye nguvu.

"Umeleta mtu," sauti ilisema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tulikuwa wawili, tumetosha. Mwambie aondoke, amekalia kiti changu."

"Anasema—"

"Usinitafsirie," Bibi alisema. "Mwambie ukweli. Hawa hula maswali. Ukweli huwakwama."

Fundi alifungua mdomo. Kifaa kikaanza mluzi, na kile cha kisandukuni kikakiitikia, na chai katika kikombe cha mstari wa buluu, kilichokuwa mbele ya Bibi asiyekigusa, ilianza kupungua, taratibu, kwa mikupuo midogo midogo, bila mdomo wa kuinywa, huku sauti ikiongea kwa haraka sasa, ikimwita kwa jina la utani ambalo watu wawili tu duniani walilijua, ikimkumbusha homa aliyomuuguza, koti, mvua, nyimbo alizoimba vibaya jikoni, ikimwambia kule iliko kuna baridi, kuna giza, hakuna wa kumsemesha, je, atamtoa nje mara ya pili, atamsukuma mlango ule ule kwa mkono wake mwenyewe, na kila neno lilikuwa na sauti ya mkewe, pumzi yake, ule mkwaruzo mdogo wa asubuhi, na fundi akajua kwamba akinyamaza tu, akinyamaza bila kufanya lolote, atakuwa nayo sauti ile mpaka siku ya kufa kwake.

Bibi akamminya mkono.

"Mke wangu hakunisikia," fundi alisema.

"Nilisikia! Ulisema hapa hapa nje—"

"Hakunisikia. Masikio yake yalikuwa mfukoni mwangu. Aliniambia nirudie, nikampungia mkono. Amekwenda hajui nilichosema." Akakitazama kifaa. "Hanisikii sasa. Hatanisikia tena. Mke wangu amekufa."

Hakuwahi kulisema neno hilo. Alikuwa amesema "ametutoka", "hayupo", "tulimpumzisha".

Sauti ikanyamaza. Iliporudi, ile ya mkewe ilikuwa juu juu tu, kama ngozi ya maziwa, na chini yake kulikuwa na kitu kikubwa, kikavu, kisicho na umri.

"Basi utabaki na nini?" kiliuliza.

Fundi alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

"Sijui," alisema.

Bibi, aliyekuwa akimtazama mdomo, akainua kikombe cha mstari wa buluu kwa mkono wake mwingine, akakipiga sakafuni. Kilipasuka, na kilichomwagika si chai bali majivu, rundo zima la majivu yenye unyevu, na harufu ikajaa chumba hata macho yakatoka machozi, ikakaa, kisha ikaanza kupungua kuelekea dirishani.

Mluzi ukakatika. Katika mpira wa kusikilizia hakukuwa na kitu. Na nje yake, mbali mwanzo, halafu karibu, vitu vikaanza kuingia: maji kwenye mabomba, redio ya mtu, viatu vikipanda ngazi, mama wa mlango wa pili akimfokea mumewe juu ya taka. Jengo zima lilikuwa linasema. Sauti aliyoitafuta haikuwemo.

Alilia kwa kelele, na alijisikia.

"Lia tu," Bibi Zima alimwambia, akimpigapiga mgongoni. "Mimi sisikii kitu."

*

Asubuhi aliokota vipande vya mwisho vya kikombe, akapiga deki. Kifaa alikitoa betri, akakifuta, akakilaza kisandukuni pamoja na mwenzake. Alikaa nacho kidogo kabla hajafunga kifuniko. Midomo yake ilitaka kuuliza. Akaibana mpaka ikatulia, akafunga.

Alifika karakana mapema. Bonge alikuwa keshafika, mgongo wake mpana umeugeukia mlango, mota inanguruma, vumbi la plastiki linamruka mabegani. Fundi alisimama nyuma yake, mahali asipoonekana mdomo.

"Njoo nyumbani leo jioni," alisema. "Ila uje na kikombe chako. Kile kimevunjika."

Bonge aligeuza kichwa nusu. Uso ulikuwa bado umenuna. Mota aliiacha iendelee.

"Ee? Rudia."

Mkono wa fundi ukainuka kwa mazoea, mpaka usawa wa kifua. Akauona. Akaushusha, akausogelea ule mgongo mkubwa, hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa kando ya sikio la Bonge.

Akarudia.